James Joyce Shuleni: Karo, Kiboko na Lugha ya Wenyewe

Wapenzi wasomaji, najua wapo watakaouliza: Chama cha Kiswahili kina haja gani na mwandishi wa Ayalandi aliyeandika kwa Kiingereza? Swali ni halali kabisa, na sitalijibu papo hapo. Kwa sasa nitasema tu kwamba James Joyce alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo mno, akachapwa, baba yake akashindwa na karo, akarudi darasani kwa neno la padri mmoja, akabaki huko kwa tuzo za mtihani, na mwishowe akajikuta anaandika kwa lugha iliyoletwa nchini mwake na watawala. Sioni kama hayo ni mambo ya mbali sana na sisi.

Jina lake huandamana na Ulysses, kile kitabu kinene chenye sifa ya kuwashinda wasomaji. Hicho sitakigusa leo. Ninachotaka kueleza ni jinsi alivyosomeshwa, maana hapo ndipo mtu huyu alipotengenezwa. Lakini tahadhari kwanza. Joyce mwenyewe aliandika riwaya iliyotoka mwaka wa 1916, A Portrait of the Artist as a Young Man, yaani picha ya msanii angali kijana, na humo kuna mvulana aitwaye Stephen Dedalus ambaye maisha yake yanafanana mno na ya mwandishi. Watu wengi husoma riwaya hiyo kama kwamba ni rekodi ya polisi. La hasha! Riwaya ni riwaya. Tunapochukua jambo kutoka humo nitasema, na tunapolitoa kwingine, kwa mfano katika kumbukumbu za Stanislaus, ndugu yake mdogo, zilizochapishwa mwaka wa 1958, pia nitasema.

Basi, James Augustine Aloysius Joyce alizaliwa tarehe 2 Februari 1882 katika mtaa wa Rathgar, jijini Dublin. Wakati huo Ayalandi nzima ilikuwa chini ya Uingereza. Baba yake, John Joyce, alikuwa mtu wa Cork, kusini, na alikuwa amerithi nyumba za kupangisha huko. Isitoshe, alikuwa na kazi nono ya serikali, ya kukusanya kodi za majengo Dublin. Alikuwa na sauti tamu ya kuimba, ulimi mwepesi wa mzaha, marafiki tele na kiu isiyokwisha. Mama yake, Mary Jane, ambaye nyumbani walimwita May, alikuwa mpigaji piano. Watoto walioishi walikuwa 10, na James ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Mwaka wa 1887 familia ilihamia Bray, mji ulioko ufuoni kusini mwa Dublin, wakaishi maisha ya wenye nacho. Masomo ya kwanza ya James yalianzia nyumbani, mikononi mwa mama mmoja wa ukoo wa baba yake, Bi. Conway, ambaye watoto walimwita Dante. Huyu mama alikuwa mshika dini kwelikweli. Umeme ulipomulika aliwafundisha watoto kufanya ishara ya msalaba na kusali, maana radi ilikuwa ghadhabu ya Mungu. Funzo hilo lilimwingia James hadi kwenye mifupa. Mpaka uzeeni, akiwa mtu maarufu, ngurumo ilimtia hofu. Neno hili la ngurumo naomba mliweke akibani, tutalirudia.

Septemba 1888 alipelekwa Clongowes Wood, shule ya bweni ya mapadri wa shirika la Wajesuiti, iliyofunguliwa mwaka wa 1814 huko Kildare, yapata kilomita 30 kutoka Dublin. Ilikuwa shule ya wana wa Wakatoliki wenye pesa. Karo ilikuwa pauni 25 kwa mwaka. Alikuwa na umri gani? Miaka sita na nusu! Alipoulizwa umri wake alijibu kama mtu anayesoma saa ukutani, kwamba ni sita unusu, na wenzake wakalifanya jibu hilo kuwa jina lake la utani. Sisi hapa tulilalamika juu ya maisha ya mono katika kidato cha kwanza, na mono wetu alikuwa na miaka 14. Huyu alikuwa mdogo kiasi kwamba mwanzoni hakulazwa bwenini na wenziwe bali katika chumba cha wagonjwa, ili muuguzi apate kumwangalia.

Sasa tufike kwenye kiboko. Pale Clongowes hawakutumia fimbo. Walitumia mkanda wa ngozi uliotiwa ugumu kwa utaya wa nyangumi, nao uliangushwa kwenye viganja vya mikono. Kila adhabu iliandikwa katika daftari, na jina la Joyce limo. Februari 1889 alipigwa viwili kwa kusahau kuleta kitabu darasani. Machi akapigwa sita kwa sababu ya viatu vyenye matope. Mwezi huohuo akapigwa vinne kwa kutumia lugha chafu. Alikuwa ametimiza miaka saba juzi tu. (Kosa hilo la mwisho hakuliacha. Ulysses ilipigwa marufuku Marekani na Uingereza kwa miaka mingi kwa sababu ya lugha yake.)

Katika riwaya, Joyce ameifanya adhabu moja kuwa kisa ambacho naamini kila mwanafunzi anapaswa kukisoma. Stephen amevunjika miwani na daktari amemkataza kusoma mpaka ipatikane nyingine. Mwalimu wake anajua. Mara anaingia padri msimamizi wa masomo, anamwona mvulana haandiki, anaamua kwamba ni ujanja tu wa wavivu, anamchapa viganja vyote viwili mbele ya darasa. Uchungu wa mkono umeelezwa vizuri, lakini uchungu mkubwa ni ule wa kuitwa mwongo wakati unasema kweli. Wenzake wanamchochea aende kwa mkuu wa shule. Ni rahisi kumchochea mtu mwingine! Baada ya chakula, wakati wote wanatoka nje, yeye anageuka kulia peke yake, anapanda ngazi, anapita ushoroba mrefu wenye picha za watakatifu, anabisha mlango. Mkuu anamsikiliza kwa upole na kumwahidi kwamba atazungumza na yule padri. Mtoto anatoka mbio na wenzake wanambeba juujuu kama shujaa.

Je, jambo hili lilitokea kweli? Joyce mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba kweli alikwenda kushtaki. Mkuu wa Clongowes wakati huo alikuwa Padri John Conmee, na jina lake halikubadilishwa hata katika riwaya. Ila Stanislaus anaeleza kwamba kaka yake hakuwa mnyonge kule shuleni kama anavyoonekana kitabuni. Anasema nyumbani walikuwa na vikombe alivyoshinda kwa kuruka viunzi na kutembea kwa kasi, na kwamba kwa tabia alikuwa mtoto mchangamfu. Ndiyo maana nikatahadharisha hapo juu. Mwandishi huchagua. Aliweka viganja vilivyovimba, akaviacha vikombe.

Kisha pesa zikaisha. Haikuwa ghafla. John Joyce aliweka nyumba za Cork rehani moja baada ya nyingine, kila mkopo na mtoto wake, na mwaka wa 1891 ikabidi James aondolewe Clongowes. Alikuwa na miaka tisa. Mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo huwa na matumaini kwamba wiki ijayo atarudi. Huyu hakurudi tena.

Mwaka huohuo kulitokea msiba ambao kwa familia ile ulichanganyika na msiba wa pesa. Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ayalandi aliyekuwa akipigania nchi yake ijitawale, alikuwa ameangushwa mwaka wa 1890 baada ya mahakama kuanika uhusiano wake na mke wa mtu. Maaskofu walimpinga, na wabunge wake wengi wakamwacha. Aliyekuwa mstari wa mbele kumgeuka ni Timothy Healy, aliyekuwa mtu wake wa karibu. Parnell alikufa tarehe 6 Oktoba 1891. John Joyce, aliyempenda Parnell kuliko maaskofu wote wakiwekwa pamoja, hakusamehe mtu. Katika riwaya kuna chakula cha Krismasi kinachoharibika kabisa kwa ugomvi wa Dante na wanaume wa nyumbani, yeye akiwatetea mapadri na wao wakimtetea marehemu, huku mtoto akitazama nyuso za watu wazima wakilia.

James wa miaka tisa alifanya nini? Akaandika shairi la kumshutumu Healy. Aliliita Et Tu, Healy. Sisi tuliosoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere tunayajua maneno hayo yanatoka kwa nani na anaambiwa nani: ni Kaizari akimwona rafiki yake Bruto miongoni mwa wanaomdunga visu. Baba alifurahi mno hata akalipeleka shairi hilo kwa mpiga chapa, akawagawia marafiki nakala. Leo hakuna nakala kamili iliyobaki duniani. Ninapenda kufikiri juu ya baba huyu ambaye hana karo lakini ana pesa za kumchapishia mtoto shairi. Mnaweza kumlaumu. Mimi nashindwa kumlaumu kabisa kabisa.

Mambo yakazidi kuharibika. Ofisi ya kodi ilipohamishiwa kwa baraza la jiji, John Joyce alipoteza kazi akiwa na miaka 40 na kitu tu, akapewa pensheni ya pauni 132 kwa mwaka. Familia yenye watoto tele, na mkuu wa nyumba hana tena kazi ya maana hadi kufa kwake! Walirudi Dublin wakaanza kuhama nyumba hadi nyumba, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia, mara nyingine wakiwa na deni la kodi nyuma yao. James hakuwa na shule kwa muda. Alisoma mwenyewe na kumwomba mama yake amwulize maswali kutoka vitabuni. Halafu kwa kipindi kifupi mwaka wa 1893 yeye na nduguye walipelekwa shule ya Mabruda wa Kikristo, iliyosomesha watoto wa watu wa kawaida. Kipindi hicho Joyce hakupenda kukizungumzia maishani mwake, na ndani ya riwaya amekifuta kabisa. Baba mtu naye aliwadharau Mabruda, akiona mwanawe ni wa Wajesuiti. Hapa, kusema ukweli, familia nzima siipendi. Mabruda walikuwa wakiwasomesha wale ambao Wajesuiti hawakuwafikia, nao hawakustahili dharau hiyo.

Siku moja John Joyce akakutana njiani na Padri Conmee, yule aliyekuwa mkuu wa Clongowes. Conmee sasa alikuwa Belvedere, shule ya kutwa ya Wajesuiti katikati ya Dublin. Alimkumbuka yule mvulana. Aliposikia yaliyowapata, akafanya mpango James na nduguze wasome Belvedere bila karo. Alianza tarehe 6 Aprili 1893. Hivi ndivyo milango inavyofunguliwa na kufungwa, wapenzi wasomaji: baba kukutana na mtu barabarani.

Riwaya inaongeza kitu kichungu hapa. Baba anarudi nyumbani na habari njema, na katika kusimulia anasema kwamba padri yule amemweleza juu ya ile siku mtoto alipopanda kwenda kushtaki. Kumbe mapadri waliporudia kisa kile mezani walicheka sana, yule mchapaji akiwa miongoni mwao! Ile safari ya ushoroba, ambayo kwa mtoto ilikuwa ushujaa mkubwa, kwao ilikuwa kichekesho cha kusindikizia chakula. Na mtoto yuko pale, anasikiliza. Ndiyo siku hiyohiyo anapata nafasi ya kusoma bure kutoka kwa watu walewale.

Sasa mtihani. Tangu sheria ya mwaka 1878, kulikuwa na mtihani wa sekondari uliofanywa na shule za Ayalandi nzima, na waliofanya vizuri walipewa pesa. Shule nazo zililipwa kwa kadiri wanafunzi wao walivyopita. Joyce alishinda pauni 20 mwaka wa 1894. Mwaka uliofuata akashinda pauni 20 kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitatu. Mwaka wa 1897 akapata pauni 30 kwa mwaka kwa miaka miwili, pamoja na pauni 3 za insha bora ya Kiingereza nchini katika kiwango chake. Pauni 20, kumbukeni, zilikuwa karibu karo ya mwaka mzima pale Clongowes.

Na mnadhani aliziweka benki? Alizitumbua. Aliwapeleka wazazi na nduguze mahotelini na kwenye maonyesho ya michezo ya kuigiza, akawanunulia zawadi. Katika riwaya anafungua hata benki ya nyumbani ya kuwakopesha jamaa zake, anapaka chumba chake rangi, na rangi inaisha kabla kazi haijakamilika kama pesa zenyewe. Mtoto alijaribu kuziba kwa majuma machache tundu ambalo baba yake alikuwa amelichimba kwa miaka.

Kwa kuwa shule zililipwa kwa matokeo, mwanafunzi mwerevu alikuwa mali. Mwaka wa 1895 mapadri wawili wa shirika la Wadominiko walimtembelea John Joyce na kutaka kumchukua James katika shule yao, chakula na masomo bure. Nani alisema kuwanyang'anya wenzio wanafunzi wa kupasi mtihani kulianza Kenya? Baba alimwachia mtoto aamue. Mtoto akajibu kwamba alianza na Wajesuiti na atamaliza na Wajesuiti.

Pale Belvedere mwalimu wake wa Kiingereza, George Dempsey, aliona mapema kwamba kichwa hiki si cha kawaida. Joyce alisoma kitabu cha Charles Lamb kinachosimulia safari za Ulysses, yule Mgiriki aliyepotea baharini miaka kumi akirudi nyumbani. Walipotakiwa kuandika insha juu ya shujaa wanayempenda, yeye alimchagua Ulysses. Wengine waliandika juu ya majenerali, bila shaka. Alikuwa kijana mdogo, na insha ile ilikuja kupata mrithi wa kurasa zaidi ya mia saba mwaka wa 1922.

Alikuwa mcha Mungu pia, tena kiongozi wa chama cha Bikira Maria pale shuleni. Mwishoni mwa 1896 yalikuwepo mafungo, na katika riwaya mahubiri juu ya jehanamu yanachukua kurasa nyingi za kutisha. Aliyesoma shule ya misheni atayatambua. Mapadri walimwona kuwa anafaa kuwa mmoja wao. Yeye alikataa, na baada ya muda akaiacha imani yenyewe. Lakini alipokuwa mzee alimwambia rafiki yake kwamba asitajwe kama Mkatoliki, heri aitwe Mjesuiti. Mwingine alipomwuliza alijifunza nini kwao, alijibu kwamba walimfunza kupanga mambo ili yaweze kuonekana na kupimwa. Wale waliomchapa ndio hao waliompa chombo cha kufanyia kazi.

Mwaka wa 1898 aliingia chuo kikuu cha Wakatoliki cha Dublin, University College, akasomea lugha: Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano. Hakuwa mwanafunzi wa bidii darasani. Nje ya darasa alikuwa moto. Aliupenda utunzi wa Henrik Ibsen wa Norwe hata akajifunza lugha yake. Tarehe 1 Aprili 1900, akiwa na miaka 18 tu, jarida kubwa la London, Fortnightly Review, lilichapisha makala yake juu ya mchezo mpya wa Ibsen na kumlipa gini 12. Mzee Ibsen akatuma shukrani kupitia kwa mfasiri wake. Mwaka uliofuata Joyce alimwandikia barua ya pongezi kwa Kinorwe.

Mwaka wa 1901 aliandika makala ya kuwashambulia wakuu wa ukumbi wa maigizo wa Dublin, akalipelekea jarida la chuo. Likakataliwa. Wahariri wa jarida letu wasinune, sisemi kitu! Mwenzake, Francis Skeffington, naye alikuwa amekataliwa makala ya kutetea haki za wanawake katika chuo kikuu. Basi wawili hao wakachanga pesa, wakapiga chapa makala zote mbili katika kijitabu kimoja, nakala 85, wakazigawa wenyewe mjini.

Sasa nilifikie lile jambo la lugha. Ayalandi ina lugha yake, Kiayalandi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo. Tangu 1831 shule za serikali zilifundisha kwa Kiingereza. Njaa kubwa ya miaka ya 1845 hadi 1849 iliwaua na kuwatawanya hasa wale maskini wa mashambani waliokuwa wasemaji wake. Na shuleni kulikuwa na kijiti. Mtoto alivishwa kijiti shingoni, na kila alipotamka neno la Kiayalandi kilitiwa alama. Jioni alama zilihesabiwa na viboko vikatolewa kulingana nazo. Mnasikia? Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, jinsi mtoto aliyenaswa akisema Kikuyu karibu na shule alivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni. Wazazi wetu wengine walikiita diski. Wale wa Ayalandi na wale wa Limuru hawakuonana kamwe, ila mwalimu wao ni kama alikuwa mmoja.

Kufikia siku za Joyce watu wa Dublin walikuwa wakisema Kiingereza, na mwaka wa 1893 kikaundwa chama cha kuifufua lugha ya wenyewe. Kilikuwa na madarasa, jarida, mashindano, takriban kila kitu ambacho chama chetu kinajaribu kufanya. Joyce alijiunga na darasa moja. Mwalimu wake alikuwa Patrick Pearse, ambaye mwaka wa 1916 aliongoza maasi ya Pasaka na kuuawa na Waingereza kwa kupigwa risasi. Joyce hakukaa. Kilichomchosha ni tabia ya Pearse ya kukisifu Kiayalandi kwa kukiponda Kiingereza. Na neno ambalo Pearse alilitoa mfano wa udhaifu wa Kiingereza ni lipi? Ngurumo! Neno la Kiingereza la ngurumo ndilo hasa Joyce alilolipenda, yeye aliyefundishwa na Dante kulitetemekea. Akaondoka.

Msifikiri kwamba basi alikifurahia Kiingereza kama cha kwao. Katika riwaya kuna mazungumzo mafupi kati ya Stephen na padri Mwingereza, mkuu wa masomo pale chuoni, anayewasha moto wa makaa. Wanataja ile faneli ya kumiminia mafuta kwenye taa. Stephen anaiita kwa neno la kwao, na padri hajawahi kulisikia, analichukulia kama kioja cha Ayalandi. Stephen anaona uchungu: lugha tunayosema ni yake huyu kabla ya kuwa yangu, kila neno mdomoni mwake lina mlio mwingine. Baadaye, kurasa nyingi mbele, anafungua kamusi. Kumbe lile neno ni Kiingereza cha asili kabisa, cha zamani, ambacho Waingereza wenyewe wamekisahau! Amekasirika kweli. Anauliza yule padri alikuja kuwafundisha lugha yake au kujifunza kutoka kwao. Mwanafunzi wa bara aliyewahi kuchekwa kwa neno lake, kisha akalikuta limetulia ndani ya kamusi, atajua hasira hiyo ina ladha gani.

Alimaliza shahada mwaka wa 1902, na Desemba akaenda Paris kusomea udaktari. Chuo kikataka karo taslimu, hana. Aprili 1903 ikaja simu ya maandishi kutoka kwa baba kwamba mama yuko mahututi. Akarudi. Mama alifariki tarehe 13 Agosti 1903, akiwa na umri wa miaka 44. Nyumba ile haikusimama tena sawasawa. Na hapa kuna hesabu ambayo vitabu vingi hupita haraka: Conmee alipofungua mlango wa Belvedere, aliufungulia wavulana, maana ilikuwa shule ya wavulana. Mama alipokufa, aliyebaki kuwalea wadogo zake ni dada yao Margaret, mkubwa wa wasichana. Baadaye alikuwa mtawa akapelekwa Nyuzilandi. Hakuna binti wa nyumba ile aliyefika chuo kikuu.

James mwenyewe alifundisha kwa majuma machache katika shule ndogo karibu na Dublin mwaka wa 1904, na Oktoba mwaka huo akaondoka nchini pamoja na Nora Barnacle, msichana wa Galway aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Walifika Pola, kisha Trieste, bandari iliyokuwa ya Austria wakati huo. Kazi aliyoipata huko ni kuwafundisha wageni Kiingereza, kwa saa, kwa mshahara mdogo. Wanawe wawili, Giorgio na Lucia, walizaliwa hapohapo Trieste. Nyumbani, pamoja na watoto hao, alizungumza Kiitaliano.